Mtaji wa Mwanaisimu Uko Tunduma

Kazi yangu ni tafsiri na ukalimani. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya steshenari, mwendo mfupi kutoka forodhani Tunduma. Mbele wanachapa, wanatoa fotokopi na kulaminisha vyeti; nyuma nipo mimi na kompyuta na kamusi zangu. Huja mjane wa dereva aliyefia Lubumbashi, ana cheti cha kifo cha Kifaransa na mahakama ya mirathi inakitaka kwa Kiswahili. Huja mfanyabiashara wa mchele aliyeletewa mkataba wa Kiingereza kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Huja kijana Mzambia aliyeoa Vwawa, anataka cheti chake cha kuzaliwa kieleweke ofisi ya serikali. Tangu Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kizinduliwe mwaka 2019, lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili, lakini karatasi za watu hazijapungua.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wanafunzi wa HKL na KLF hunijia na swali moja: "Dada, mtu akisoma isimu, tafsiri au hiyo teknolojia ya lugha, anaishia wapi?" Nyumbani wameshaambiwa kwamba lugha ni ualimu, na ualimu ajira yake ni ya kungojea. Ninayowajibu ndiyo haya ninayoandika hapa. Nafasi za masomo zipo, za ndani na za nje, ila zinamfuata mwenye kitu mkononi. Na sisi wa Mkoa wa Songwe kitu hicho tunacho kuliko tunavyodhani.

Mimi nilisoma shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa TUKI na Idara ya Kiswahili. Kilichonifungua macho ni somo la isimu ya lugha za Kibantu. Mhadhiri alionyesha mgawanyo wa Malcolm Guthrie, ambao huipa kila lugha herufi ya kanda na namba yake. Kwenye kanda M nikawakuta majirani zangu wote wamepangwa mstari: Kiwanda M21, Kinyamwanga M22, Kinyiha M23, Kimalila M24, Kisafwa M25. Wenzangu walitoa mifano vitabuni. Mimi nilipiga simu nyumbani kwa bibi.

Maktaba nayo ilinipa la kufikiri. Kitabu kizima juu ya Kinyiha kilikuwapo, cha Joseph Busse, kimechapishwa Berlin mwaka 1960, kwa Kijerumani. Kilungu, lugha ya jirani zetu wa upande wa Ziwa Tanganyika, Mmarekani Lee Bickmore alikichapishia kitabu cha fonolojia mwaka 2007. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania, hapo hapo chuoni Mlimani, ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, ramani inayoonyesha kila lugha inazungumzwa wapi na kwa wingi gani. Nikaona kwamba lugha tunazozisikia sokoni kila siku ni mtaji wa kitaaluma, na watu wametoka mbali kuufuata.

Shahada ya uzamili niliisomea Chuo Kikuu Huria, kwa sababu sikutaka kufunga ofisi. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yangu: unasoma ulipo, mitihani unaifanyia kituo cha mkoa. Utafiti wangu ulihusu Kinyamwanga, na huko ndiko nilikojifunza kazi yenyewe.

Kwanza ni barua. Chuo kinakuandikia utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale Vwawa. Yeye anakuandikia wa wilaya, wilaya inamwandikia mtendaji wa kata, naye anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka mmoja, unarudishwa. Kisha ni wazee wenyewe. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, sauti zetu unakwenda kumwuzia nani?" Ni swali halali, na kila mtafiti awe na jibu lake kabla hajawasha kinasa sauti: rekodi itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, msemaji akighairi itafutwaje.

Halafu kuna ufundi. Usirekodi kwa kutumiana sauti za WhatsApp, kwa sababu programu hiyo inaibana sauti na kuipotezea sehemu ambayo mwanaisimu anaihitaji. Tumia faili la WAV, maikrofoni ya kubana kwenye kola, na chumba kisicho na bati tupu mvua ikinyesha. Ukirudi mezani, unaifungua rekodi kwenye ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa Nijmegen, Uholanzi. Mstari wa kwanza unaandika maneno kama yalivyosemwa, wa pili unayakata vipande vyenye maana, wa tatu unaweka Kiswahili. Toni unaitazama kwenye Praat, nayo ni ya bure, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam: sauti ikipanda, mstari wa samawati unapanda nayo. Saa 1 ya maongezi inaweza kukumalizia wiki nzima. Hata kuandika kwenyewe kuna vikwazo. Kinyakyusa na Kimalila vina irabu 7, na herufi ɨ na ʉ hazimo kwenye kibodi ya kawaida. Lazima usakinishe kibodi nyingine, la sivyo kila mwandishi atabuni tahajia yake.

Wengi hudhani teknolojia ya lugha ni ya wahandisi peke yao. Tazama ng'ambo ya mpaka. Claytone Sikasote wa Chuo Kikuu cha Zambia, akishirikiana na Antonios Anastasopoulos, alikusanya BembaSpeech, zaidi ya saa 24 za Kibemba kilichosomwa kwa sauti na kuoanishwa na maandishi yake, ili mashine ijifunze kukisikia. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye huduma yake ya tafsiri, Kibemba na Kitumbuka zikiwamo. Kinyamwanga, kinachosemwa Tunduma na Nakonde vilevile, hakimo. Zambia hakihesabiwi katika lugha 7 za kimikoa zinazotambuliwa rasmi. Kwetu darasani hakiingii. Wasemaji wapo tele, kinachokosekana ni saa za sauti zilizoandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa Kiswahili kazi ilianza zamani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili tangu miaka ya 1980. Karibuni Mtanzania Davis David alikusanya habari za Kiswahili na kuziweka wazi zitumike kufundishia mashine kupanga maandishi kwa mada. Mtandao wa watafiti wa Masakhane, ulioanza mwaka 2019, ulitoa mwaka 2021 mkusanyo wa MasakhaNER wa lugha 10 za Afrika, Kiswahili, Kijaluo na Kiganda zikiwamo, ambamo majina ya watu, mahali na taasisi yamewekewa alama. Wasemaji wa lugha hizo walishiriki kwenye uwekaji alama. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye lugha yake na nidhamu anaweza kuanzia hapo.

Sasa milango. Nairobi kuna Kituo cha Tafsiri na Ukalimani cha chuo kikuu, kinachofundisha uzamili ndani ya umoja wa vyuo vya Afrika uitwao PAMCIT. Huko hutahiniwa uwezo wa lugha zako kabla ya kupokewa. Ulaya kuna uzamili wa Erasmus Mundus wa teknolojia ya lugha na mawasiliano: miaka 2, vyuo 2 katika nchi 2, na hisabati kidogo na programu za kompyuta utazihitaji. Marekani kuna FLTA, mpango wa Fulbright unaokupeleka kufundisha Kiswahili chuoni kwa mwaka mmoja wa masomo huku nawe ukisoma. Kwa lugha zilizo hatarini kuna mpango wa ELDP, unaofadhili unasaji wake na kuhifadhi rekodi kwenye hazina ya kidijitali. Hapa nyumbani, BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967, huandikisha wataalamu wa Kiswahili na kutoa mafunzo mafupi ya tafsiri na ya kufundisha wageni.

Nisiwadanganye kuhusu soko. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, sheria ya mwaka 2021 ikakifanya lugha ya sheria na mahakama, na Umoja wa Afrika ukakiridhia kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Hayo yote ni heshima, lakini hayajanijazia meza. Siku hizi mteja huja na ukurasa uliokwisha kutafsiriwa na simu, anaomba "kurekebishiwa tu" kwa nusu ya bei. Namwonyesha kilichoachwa: mhuri wa mviringo haukuelezwa, sahihi isiyosomeka haikutajwa, namba ya usajili iliyoandikwa kwa mkono pembeni imeruka. Ofisi inayoipokea karatasi hutazama hivyo kwanza. Mashine itachukua kurasa nyepesi, na hilo limeshaanza. Anayejua inavyofundishwa ndiye atakayeajiriwa kuikagua, ndiyo maana nasisitiza mwanafunzi wa tafsiri ajifunze na kompyuta, wa kompyuta ajifunze na isimu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa HKL anayenijia namwambia asingoje bumu la mkopo liingie ndipo aanze. Kati ya mtihani wa Mei na kufunguliwa dirisha la udahili kuna wiki za kutosha. Achague lugha moja ya kwao, aombe ruhusa, arekodi hadithi ya mzee mmoja kwa WAV, aiandike kwenye ELAN kwa mistari mitatu, aambatanishe ukurasa mmoja wa maelezo: nani kasema, wapi, kwa ridhaa gani. Barua ya maombi ya ufadhili yenye kiambatisho hicho husomwa tofauti na ile inayosema tu kwamba mwombaji anaipenda lugha. Akikwama kwenye kibodi au kwenye barua ya Katibu Tawala, aje. Nyuma ya steshenari kuna kiti cha pili.