Pembe Zilizopita Tabora

Itazame vizuri Nembo ya Taifa, ile tuliyozoea kuiita Bibi na Bwana. Jicho hukimbilia mwenge, mkuki na shoka kwenye ngao. Pembe mbili za ndovu zinazoizunguka ngao, bwana kashika moja na bibi nyingine, wengi hatuzitafakari. Anayetaka kujua uzito wa pembe zile na aende Tabora, maana hakuna mji wa bara uliozipokea na kuzisafirisha kama huu.

Miji ya kale ya Ulaya hujivunia ngao zilizochongwa juu ya malango yake. Urithi wa Tabora umetawanyika ardhini, kwenye miembe, kuta za udongo na reli, na mgeni hana budi kuutembelea kwa miguu. Hapa palikuwa Kazeh na Unyanyembe, njia panda ya misafara. Aliyetoka Bagamoyo alipita Mpwapwa, akalikata pori la Ugogo, akapumzika Unyanyembe, kisha akachagua: magharibi hadi Ujiji, kaskazini hadi Karagwe na Buganda, au kusini kulizunguka Ziwa Tanganyika. Wasafiri Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga na kustarehe.

Lakini sifa ya njia hii ni ya Wanyamwezi kwanza. Wao walishuka pwani na pembe kabla watu wa pwani hawajathubutu kupanda bara, na upagazi kwao ulikuwa heshima: kijana asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Zanzibar ikipepea. Nyuma yake walifuata wenye pembe kubwa, kengele ya ng'ombe ikining'inia kwenye ncha. Pwani nayo ilirudisha alama zake bara. Kibangwa, kile kisahani cheupe kilichokatwa kwenye gamba la konokono wa baharini, kilikuwa pambo la utemi huku mamia ya maili kutoka ufukweni. Kwangu mimi hakuna nembo inayoieleza Tabora kuliko hiyo: bahari kifuani mwa mtemi.

Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na mtu asiisifu akalisahau hilo.

Kutoka mjini hadi Kwihara si mbali, njia inapita vijijini katikati ya miembe, mti ambao watu hapa huuhusisha na misafara. Hapo lipo tembe lililojengwa upya, kuta nene za udongo wa rangi ya kutu, paa bapa, vyumba vimeuzunguka ua, ndani baridi hata saa sita mchana. Wasafiri Livingstone na Stanley walifika hapo pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi uliofuata, mzee Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata watumishi wake, akina Susi na Chuma, walipita tena Unyanyembe, safari hii wakiwa na maiti yake, wakielekea Bagamoyo. Jengo limepewa jina la Livingstone. Ningependa majina ya hao waliombeba yaandikwe kwa herufi kubwa vilevile.

Na kuna watemi. Mirambo wa Urambo aliifunga njia hii kwa vita mwaka 1871 hadi bei ya pembe ikayumba Zanzibar. Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja ngome yake Januari 1893, aliwasha baruti akiwa ndani kuliko kutekwa. Boma la Wajerumani bado limesimama mjini, imara na zito.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa misafara ukafifia. Ndipo mji ukapata kitu kama ngao yake yenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliziba pwani, sarafu za Ulaya zikakosekana. Mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, Wajerumani waligonga sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zipatazo 16,000. Upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili ndovu ameinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T kwa ajili ya Tabora. Septemba 19 mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliuteka mji. Tai akaondoka. Ndovu na mlima wamebaki nasi: bwana na bibi katika Nembo ya Taifa wamesimama juu ya Kilimanjaro, mikononi pembe, chini yao maneno Uhuru na Umoja.

Uhuru wenyewe unadaiwa deni na Tabora. Nyerere alisoma hapa, akafundisha St. Mary's, na Januari 1958 akarudi kukishawishi chama cha TANU kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Azimio hilo linaitwa Uamuzi wa Busara, na bila hilo pengine Uhuru wa Desemba 1961 ungechelewa.

Tangu 2006 njia hii, Kwihara ikiwamo, imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Inastahili kuvuka hapo. Nawe msomaji, ukikata tiketi ya treni ya Kigoma au Mwanza, shuka Tabora, ulale, na asubuhi uende Kwihara.