Kipande cha Kioo Ukutani

Dalali aliusukuma mlango kwa bega kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika simu. "Dada, hii ndiyo Bukoba mpya," alisema. "Wateja wako wakikukuta hapa hawatathubutu kukuomba punguzo."

Tulikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililomalizika miezi michache nyuma, mwendo mfupi kutoka soko kuu. Marumaru nyeupe sakafuni, dari la jipsamu, madirisha ya alumini. Ziwa lilionekana lote, na kisiwa cha Musira kikiwa mahali pake. Kodi ya pango ilikuwa 300,000 kwa mwezi, unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona za dirisha.

"Unatafuta nini?"

"Ufa."

Dalali alicheka. "Jengo jipya hili, dada! Hata rangi haijakauka vizuri."

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya watu wengine: wauza dagaa, wanunuzi wa kahawa, mafundi mbao, mama mmoja mwenye maduka mawili ya vifaa vya shule. Ninawaandalia ritani, ninawapeleka TRA wakiitwa, ninawaeleza kwa nini risiti ya mashine si karatasi ya kufungia maandazi. Kwa miaka sita kazi hiyo niliifanyia sebuleni kwa baba, Ijuganyondo. Wateja walipanda bodaboda kutoka mjini, wakafika saa ya chakula, na mama hawezi kumwona mtu mlangoni asimwekee sahani. Siku moja risiti za mteja zililoa mchuzi wa ndizi. Mwingine aliniambia kwa upole kwamba mkewe hapendi aje "nyumbani kwa mwanamke". Nikajua wakati wa kushuka mjini umefika.

Ila sisi kwetu, kushuka mjini kutafuta chumba si jambo jepesi.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, baba alikuwa kwenye cherehani yake barazani mwa jengo la zamani katikati ya mji. Alishonea pale kwa zaidi ya miaka ishirini. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake upande wa Missenyi, na lilidumu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuusimulia. Mkoani Kagera walikufa watu 17. Mamia walijeruhiwa, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Ihungo na Nyakato, shule ambazo wazee wetu walizitaja kama watu wanavyotaja ukoo, zilibomoka hadi zikafungwa. Kwetu jiko lilianguka, nyumba ikasimama, na kwa wiki kadhaa tulilala chini ya turubai katikati ya migomba, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa na kitu juu ya kichwa chake.

Baba aliangukiwa na ukingo wa ukuta ulioota juu ya paa la baraza, ule ambao zamani waliuandika mwaka wa ujenzi kwa saruji. Aliumia nyonga. Alipona kiasi cha kutembea na fimbo, lakini mjini hakurudi tena. Cherehani ililetwa nyumbani kwa toroli, ikakaa pembeni mwa sebule, na baadaye ikawa mahali ninapowekea mafaili.

Mji wenyewe ulirudi. Wakazi wa Bukoba wamezoea kurudi. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na daraja la Kyaka likavunjwa, wengi walikimbia, kisha wakarejea kufungua maduka. Baada ya tetemeko tuliona uzio wa mabati ukizunguka viwanja, majengo mengine ya enzi za Wahindi yakishushwa na mengine yakipigwa lipu na rangi, halafu nguzo za zege zikichomoza juu ya mabati. Kila mwaka kuna vioo zaidi. Ninaupenda mji huu mpya. Ninapenda taa zake za jioni na vijana wanaobeba kompyuta mgongoni. Lakini ninapopita chini ya ghorofa huwa ninatembea ukingoni mwa barabara, na sijui kama nitaacha.

Nilimwambia dalali anionyeshe kitu cha chini. Alinipeleka kwa shingo upande, kama mtu anayekupeleka kwa ndugu yake maskini. Kabla hajatoa funguo nilikuwa nimeshaitambua baraza.

Ukingo wa juu ulikuwa umeondolewa wote. Nguzo zilikuwa zilezile, na kwenye nguzo ya tatu bado palikuwa na alama nyeusi ya mafuta ya mashine, usawa wa goti. Chumba kilikuwa kikubwa, kuta nene, sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa miguu ya miaka mingi. Kutoka kona ya dirisha ufa ulipanda mshazari hadi darini, upana wa ukucha. Kodi 150,000, miezi sita inatosha.

"Hiki ni cha kuwekea magunia," dalali alisema. "Kwa ofisi sikushauri."

Sikumwambia mimi ni mtoto wa nani.

Jioni nilimpigia kaka yangu aliye Dar es Salaam. Hakuniacha nimalize. "Chukua cha juu. Nakutumia milioni moja na nusu kesho. Mtu anayehesabu pesa za wenzake hawezi kukaa kwenye ufa." Nilicheka, lakini maneno yale yalinilaza macho, kwa sababu yalikuwa na ukweli. Mteja akiingia ofisini, kabla hajaona hesabu anaona ukuta.

Baba sikumwambia lolote.

Nilimwita mwashi aliyetujengea jiko upya. Alikuja na nyundo ndogo na penseli nyuma ya sikio. Katika jengo la zamani alibandua lipu kandokando ya ufa, akaingiza ncha ya kisu, akanionyesha. Ndani ya ufa kulikuwa na vumbi, utando wa buibui, na rangi ya kijani ambayo ukutani ilikuwa imeshafunikwa na nyeupe. "Rangi imeingia ndani. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya rangi. Huu ni wa siku ile." Akaangalia matofali: ya kuchoma, yamefungwa kwa saruji. Zilizoanguka vibaya mwaka ule, aliniambia, nyingi zilifungwa kwa udongo.

Kisha akavunja kipande cha kioo cha dirisha, akakibandika kwa saruji juu ya ufa, ncha moja upande huu, ncha nyingine upande ule. Akakiandikia tarehe. "Kioo hakina uvumilivu. Kikivunjika, ukuta unatembea. Kikibaki, ukuta umeumia lakini umetulia. Ngoja mvua zinyeshe."

Katika jengo jipya aliomba kuona michoro na kujua nani alikagua zege. Msimamizi alimtazama nyundo yake. "Mnataka kupanga au mnataka kukagua?" Nami nikauliza la kwangu: nikilipa kodi ya pango, sheria inanitaka nizuie asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kwa mwaka ni 360,000. Akasema hiyo ni juu yangu, bosi anapokea 3,600,000 kamili, na mkataba utaandikwa kiasi tutakachokubaliana.

Yaani mimi, ninayewaambia wauza dagaa waandike kila senti, nianze ofisi yangu kwa mkataba wa uongo.

Tulipotoka nje nilimuuliza fundi, "Kwa hiyo ni baya?"

"Sisemi ni baya. Nasema sijaliona."

Mvua za Novemba zilinyesha kama zinavyonyesha kwetu, asubuhi hadi adhuhuri bila kupumzika. Kila siku ya tatu nilipita kuchungulia kioo. Dalali alinipigia mara nne: kuna daktari anakitaka cha juu, kuna wakili, kuna watu wa bima. Nilimwambia ninangoja kioo. Nadhani aliniona nimechanganyikiwa.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Jengo la biashara, watu wakiwa ndani kazini. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, na waliokufa walizidi 20. Tuliangalia kwenye simu, mimi na mama, na baba aliomba sauti izimwe. Kaka alipiga usiku. Alikuwa amepita mtaa wa jirani na pale siku moja kabla. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kile kioo chako?"

"Bado kizima."

"Haya," alisema. Pesa alizituma, bila masharti.

Wiki iliyofuata nilimweleza baba ni jengo gani. Nilitegemea akatae. Alikaa kimya akitafuna kahawa, kisha akaomba fimbo yake na kofia.

Bodaboda ilitushusha ng'ambo ya barabara. Kwanza alitazama juu, pale ulipokuwa ukingo. Akatazama sana. Kisha akavuka taratibu, akaenda kwenye nguzo ya tatu, akaweka kidole kwenye ile alama ya mafuta. Ndani hakuingia. Alisimama mlangoni akapima chumba kwa macho, kama alivyokuwa akimpima mtu kabla ya kuchukua futi.

"Unajua siku ile kwa nini sikutoka?" aliniuliza. "Wenzangu wote walitoka. Mimi cherehani ilikuwa kati yangu na barabara. Nilikuwa nimeiweka hivyo ili mteja asinipite." Akanyoosha fimbo kwenye ukuta wa ndani. "Meza yako weka kule. Kati ya mtu na mlango kusiwe na kitu."

Mwenye jengo ni bibi mmoja wa makamo ya mama yangu. Nilimweleza kuhusu kodi ya zuio, alimwita mjukuu wake asome, mjukuu akasema ni kweli, naye akasema, "Waitu, basi iandikwe." Tulikubaliana kodi ya mwezi mmoja iende kwenye ukuta. Mwashi alichimba mifereji kukatisha ufa, akalaza nondo, akajaza saruji, akapiga lipu. Nililipia mkataba ushuru wa stempu, nikaupeleka manispaa, nikapata leseni.

Sijui kama nimechagua sawasawa. Ninajua nilichokiona ukutani, na ninajua ambacho kwingine sikuruhusiwa kukiona.

Mwashi, kabla hajaondoka, alibandika kipande kingine cha kioo juu ya lipu mpya, akaandika tarehe. Nilimwomba asikipake rangi. Wateja huniuliza ni cha nini, nami huwajibu ni cha kupimia. Wengi hawaendelei. Mama mmoja wa dagaa alikitazama kwa makini, akavuta kiti chake inchi chache karibu na mlango, kisha akafungua mfuko wake wa risiti.