Jina la Kimweri

Katika milima ya Usambara, pande za Lushoto, jina la Kimweri hutajwa kwa heshima, kwa kuwa wafalme wa Washambaa waliitwa hivyo. Lakini wote waliolichukua hawakuwa sawa.

Aliyesifika kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala katika mji wa Vuga hata alipokufa mwaka 1862. Wanawe aliwaweka kuwa watawala wa nchi za pande zote, na amri yake ilifika karibu na bahari. Mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848, akaona jinsi raia walivyomtii. Watu waliamini kwamba hata mvua i mkononi mwake.

Alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu akarithi kiti. Lakini Semboja, mwana wa marehemu, alikaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, naye alikuwa na bunduki. Akamfukuza Shekulwavu, akamweka Vuga mtoto wake, Kimweri Maguvu. Huyu alipata jina la babu yake na kiti chake. Nguvu zilibaki Mazinde kwa baba. Nchi ikaharibika kwa vita, na watu wengi wakauzwa utumwani.

Kimweri Mputa Magogo alipokea ufalme mwaka 1947. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na baadaye kidogo ufalme ukaondolewa, ila jina halikuondoka.

Basi mtoto hupewa jina la babu kwa siku moja, bali heshima yake huitafuta maisha yake yote.