Usiku Mmoja Ukingoni mwa Rufiji

Tulifunga safari na wanafunzi wetu kutoka Kibiti hadi Mloka, kijiji kilicho kando ya mto Rufiji, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoundwa mwaka 2019. Huko wageni hulala ama katika nyumba ndogo za makuti, ama katika mahema. Sisi tulichukua mahema, kwani mkono wetu ulikuwa mfupi.

Tukaona mahali laini pasipo majani, pakiteremkia majini. Tukapiga hema, tukatandika mikeka. Mara akaja mzee mmoja mvuvi, akatoa salamu, akasema: "Sheikh, hapa ni njia ya kiboko. Mchana hukaa majini. Usiku hupanda kula majani, na hurudi kwa njia ile ile. Akikuta kitu baina yake na maji, hakisamehe."

Mwanafunzi wetu mmoja akainamisha kichwa, akanena kwa adabu: "Maalim, ulitusomesha kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kulala njiani usiku, kwani ni mapito ya wanyama." Tuliona haya. Hadithi hiyo tumeifundisha miaka mingi, na siku ya kuitumia tukaisahau!

Tukahamia juu. Usiku wa manane tukasikia vishindo. Asubuhi tukakuta nyayo pana pale pale tulipokuwa tumetandika. Alhamdulillahi.

Basi enyi vijana, mwendapo mtoni waulizeni wenyeji kabla hamjatua mizigo. Wala msiogope kumkumbusha mwalimu wenu aliyowafundisha.