Kama Yalivyotumika

Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, maswali ya ufahamu aghalabu hukamilishwa na agizo lilelile: mtahiniwa aeleze maana ya maneno kama yalivyotumika katika taarifa. Agizo hilo humwelekeza kwenye sentensi, si kwenye kamusi aliyoikariri.

Tulitazame neno kata. "Alitwaa kata akachota maji mtungini": kuchota kwatosha kuonyesha kwamba ni kifuu chenye mpini. "Aliweka kata kichwani akajitwika mtungi": mtungi ungali uleule, lakini kata sasa ni duara la nguo au majani linaloukinga utosi dhidi ya mzigo. Mtoto aliyelelewa Muscat au Leicester, ambaye hajapata kuviona vitu hivyo viwili, aweza kuvitambua vyote kwa kuvifuata vitenzi tu. (Na huenda akamshinda aliyekariri maana moja.)

Sasa mtungaji na aandike: "Alinunua kata sokoni." Hapo muktadha ni bubu. Ajuaye atajibu kwa sababu aliiona jikoni mwa bibi yake. Asiyejua hana cha kushika. Alama itolewayo ni ya malezi, ingawa katika karatasi imeandikwa kuwa ya ufahamu. Huyo asiyejua huenda akaandika "kisu", maana kisu hukata na huuzwa sokoni. Atapata sufuri, ilhali amesoma kwa makini kila kilichowekwa mbele yake.