Nilikwenda kuogelea, nikarudi na adabu

Mpenzi msomaji, leo sina habari za mapenzi wala za fasheni. Nina habari yangu mwenyewe, tena ya aibu. Ningeweza kuinyamazia, lakini nimeona heri niiseme, huenda ikamsaidia mtu.

Basi bwana, Jumapili moja dada yangu alikuwa na shughuli ya kumtoa mwali huko Mbagala. Kwa kuwa mimi ni kapera, na hii kazi ya kuandika andika yeye haihesabu kuwa kazi, akaniachia wanawe wawili: wa kike miaka saba, wa kiume minne. "Kaa nao mpaka jioni, na pipi usiwape," akasema, huyo akaondoka.

Yule mkubwa alikuwa akililia swimingi tangu shule zifungwe. Eti rafiki zake wote wamekwenda, kabaki yeye tu mshamba. Nikaona nisiwe mjomba wa maneno matupu. Nikahesabu vijisenti vyangu, tukapanda daladala Tandika, safari ikaanza.

Bwawa lenyewe ni la hapa hapa Dar, jina nalihifadhi. Watu walikuwa kama siafu. Kasheshe ya kwanza ikawa mlangoni: watoto wangu walivaa fulana na kaptura za pamba, tukazuiwa. Jamaa wa mlangoni akatueleza kwamba nyuzi za pamba huziba mtambo wa kuchujia maji. Ikabidi nikodi nguo za kuogelea. Halafu akatuamuru tuoge kwanza bombani kwa sabuni. Mnajua ile harufu kali inayowasha macho kwenye mabwawa? Mimi nilidhani ni klorini imezidi. Kumbe ni klorini ikishakutana na jasho na mikojo ya watu! Siku hiyo harufu ilikuwa kali kweli kweli. Nadhani mmeshanielewa.

Hapa lazima niungame. Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa karibu na Bahari ya Hindi, nikamaliza kidato cha nne, Kanuni ya Archimedes naijua kwa kichwa, lakini nikitumbukia majini nazama kama jiwe. Ndiyo maana nilichagua bwawa la watoto, ambalo maji yake yalimfika yule mdogo kifuani. Nikamnunulia bata wa plastiki wa kujaza hewa, nikakunja suruali, nikakaa ukingoni kama bosi.

Mara njaa ikaanza. "Anko, chipsi!" Kibanda cha chipsi kilikuwa hatua kumi tu. Nikamwambia dada mtu, "Mwangalie mdogo wako," nikaenda. Muuzaji akanirudishia chenji pungufu, tukaanza kubishana. Dakika moja, mbili hazifiki.

Kugeuka, namwona bata anaelea peke yake.

Jamani! Muziki unapigwa, watu wanacheka, hakuna aliyepiga kelele. Dada mtu kasimama pale pale, ananipungia mkono. "Anko, anashindana kukaa chini!" Mtoto alikuwa ndani ya maji, mikono inakwenda juu na chini kama anapanda ngazi. Chipsi zikaanguka. Nilikimbia, lakini kabla sijafika mama mmoja wa makamo akaingia na gauni lake, akamnyanyua juu. Mtoto akakohoa, akatapika maji, akaangua kilio. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nilipopata pumzi nikataka kumfokea mwokoaji, aliyekuwa kule bwawa kubwa na filimbi yake. Yule mama akanikata kauli: "Mwanangu, yule ana watu mia. Wewe una wawili."

Nikanywea. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," ndipo akanikalisha chini. Akaniambia mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo uko majini, anatafuta pumzi, sauti ataitoa wapi? Bata wa plastiki ni mchezo, si boya la kuokolea. Mtoto mdogo awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamshika. Na mtoto haachiwi mtoto mwenzake. Akishatolewa majini asininginizwe miguu juu, huko ni kupoteza muda. Kama hapumui, laza chali, mpulizie pumzi upesi, mwingine aite msaada. Na hata akizinduka, mpeleke hospitali.

Nikamuuliza kayajulia wapi hayo yote. Akaangalia maji. "Wangu wa pili lilikuwa pipa la maji, hapo hapo nyumbani," akasema, akaenda kukamua gauni lake.

Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mimi nilibakiza kidogo niongeze mmoja, kwa ajili ya chenji.

Tulipita zahanati, daktari akamsikiliza kifua, akasema yuko salama. Kwenye daladala dada mtu alikuwa kimya. Mwisho akanong'ona, "Anko, nilikuwa namwangalia kweli." Hapo ndipo machozi yalinilenga. Mtoto wa miaka saba alikuwa amebeba mzigo wangu. Nikamwambia kosa ni langu, si lake. Akaniuliza, "Basi tusimwambie mama?"

Msomaji, nilitamani. Lakini ningenyamaza, yule mtoto angebaki na siri ile peke yake. Usiku nikamweleza dada yote. Hakunifokea. Alinyamaza siku mbili nzima, heri angenipiga. Siku ya tatu akaniletea sahani ya wali na ujumbe: "Hao wanangu watarudi swimingi siku mjomba wao akijua kuogelea."

Basi kila Jumamosi asubuhi mtanikuta majini, najifunza pamoja na watoto wa chekechea, nao wananicheka. Wiki iliyopita nimeelea kwa mara ya kwanza, kama gogo. Wachekeni na nyie, ruksa. Ila wikiendi hii mkiwapeleka watoto kuogelea, chipsi zisubiri.