Mwanagenzi na Ua la Bahari

Mtu akaaye Bagamoyo hana haja ya kuitia bahari ndani ya nyumba yake. Bahari i mlangoni. Sauti yake husikika usiku, chumvi yake hula misumari ya madirisha, na samaki wake hunadiwa pwani kabla jua halijawa kali. Hata hivyo tamaa ya kumiliki kipande cha bahari katika tangi la kioo humshika mtu wa pwani kama imshikavyo mtu wa bara ambaye hajapata kuona wimbi. Huanza na samaki wawili watatu na jiwe la tumbawe. Jicho likisha kuwazoea hao, mwanagenzi hutaka anemoni, na hapo ndipo mchezo uachapo kuwa mchezo.

Anemoni wa bahari ana sura ya ua na mwenendo wa mnyama. Aristotle, aliyewachungua viumbe wa pwani za Ugiriki, alimweka baina ya mimea na wanyama. Siku hizi hapana shaka tena: ni mnyama, ndugu wa matumbawe na konyeza. Hana mfupa, hana jicho, hana ubongo. Ana mdomo mmoja upokeao chakula na kutoa taka, nao umezungukwa na minyiri. Katika ngozi ya minyiri hiyo mna vifuko visivyoonekana kwa jicho tupu, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye sumu ambao hufyatuka kama chusa mara uguswapo. Mguu wake ni kisahani kishikacho mwamba, lakini asidhaniwe kuwa mfungwa. Mahali pasipompendeza hupaacha, akajivuta polepole mpaka apate pengine. Jambo la ajabu zaidi limo nyamani mwake. Anemoni wakubwa wa bahari za joto hukaribisha mimea midogo mno ndani ya mwili wao, na mimea hiyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ikamgawia mwenyeji sehemu kubwa ya riziki yake. Kwa hiyo mnyama huyu hula jua, na samaki au kamba apitaye karibu ni kitoweo tu.

Wapo na wapangaji wengine. Katika mwambao huu samaki wa namna mbili hujulikana kuishi kati ya minyiri yake: mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mstari mweupe uliopita mgongoni toka mdomoni hata mkiani, wa pili mweusi-weusi, mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Ute wa ngozi zao huwakinga na sumu imdhuruyo mgeni. Nyumba moja huwa na jike mmoja, ndiye mkubwa kupita wote. Dume wake humfuata kwa ukubwa, na wadogo hungoja zamu. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike, na mmoja wa wadogo hupanda cheo akawa dume. Sinema ya Kimarekani ya mwaka 2003, Finding Nemo, iliwafanya watoto wa dunia nzima wawapende samaki wa ukoo huu, ingawa jambo hili la ugeuzi wa jinsia watungaji wake waliliruka.

Mbele ya Bagamoyo penyewe anemoni si wa kuokotwa kila mahali. Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini ya mji, na wakati wa masika bahari hubadilika rangi kwa matope. Mnyama alaye jua hapendi maji ya matope wala maji yaliyopungua chumvi. Miamba yenye maji safi zaidi iko kusini, mbele ya Kunduchi na Msasani, katika visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo, na katika Fungu Yasini. Mahali hapo palifanywa hifadhi mwaka 1975, kisha pakawekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari Namba 29 ya mwaka 1994. Kuvua na kuokota humo kumekatazwa.

Mwanagenzi ana jibu lake, na jibu hilo halifai kudharauliwa. Husema kwamba kwa miaka mingi wavuvi wa baruti waliivunja miamba ya mwambao huu mpaka ikawa kifusi. Anemoni mmoja aliyebanduliwa kwa vidole ni nini mbele ya mlipuko mmoja? Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwamba, lakini si sahihi kwa anemoni. Baruti haikumwahidi kumtunza. Yeye ameahidi, na ni vyema ijulikane ahadi hiyo humwisha vipi.

Tangi jipya ni maji yasiyo na wenyeji. Mabaki ya chakula na taka za samaki huzaa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria waigeuzao kuwa kitu chenye madhara kidogo huchukua majuma mengi kuzaliana. Samaki mgumu huweza kuvumilia. Anemoni hutaka tangi lililotulia miezi mingi, na wenye ujuzi husema mwaka si mwingi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi. Katika tangi la lita 100 chumbani mwa Bagamoyo, maji hupungua kwa joto na chumvi hubaki ile ile, basi ukali wake huzidi kila siku asipokumbuka mtu kuongeza maji baridi. Taa dhaifu humwacha na njaa. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua majini. Umeme ukirudi, huenda anemoni yuko safarini kutafuta mwanga, akanyonywa na pampu, akakatwa vipande. Tangi zima huchafuka na samaki huweza kufa naye. Mara nyingi, lakini, hafi kwa kishindo. Huifukuza mimea yake, akawa mweupe pe, na mwanagenzi huwaita jirani waje watazame uzuri ule. Weupe huo ni njaa. Siku chache mbele mdomo hulegea, na harufu humaliza habari.

Haikupasa kuwa hivyo, maana mnyama huyu hana haraka ya kufa. Mwaka 1828 Sir John Dalyell alimwokota anemoni mdogo wa bahari ya baridi huko North Berwick, Uskochi, akamweka katika chombo cha kioo mjini Edinburgh. Hakuwa na taa wala pampu. Aliletewa maji mapya kutoka baharini. Dalyell alifariki mwaka 1851, na anemoni akarithiwa na mlezi mmoja baada ya mwingine, akazaa mamia ya watoto, akafa mwaka 1887. Alikuwa ameokotwa miaka 59 nyuma.

Huko Ulaya na Marekani wafugaji wamepata njia isiyobandua mwamba. Yuko anemoni ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama mapovu. Akilishwa vyema hujipasua mara mbili, na nusu zote mbili huishi. Kwa mtu wa Bagamoyo shauri ni gumu zaidi: aliyezaliwa tangini hutoka ng'ambo kwa ndege na bei yake huumiza, na aliye bure yuko mwambani, naye ana shida zake. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakageuka meupe yakafa, na joto la namna hiyo limerudi tena, mwaka 2016 na mwaka 2024. Anemoni nao hugeuka meupe katika miaka hiyo. Wale wanaopona hubaki wachache, na kila mmoja wao ni nyumba ya jike, dume na wadogo wangojao zamu, ambao nje ya minyiri ile huliwa upesi na samaki wakubwa.

Mwenye tangi anaweza kuwa na samaki hao bila anemoni. Waliozaliwa vifugoni huishi miaka bila kumwona, wakajisugua katika tumbawe laini, au katika kona ya tangi yenye mkondo wa pampu.